UZI: Kwenye picha pete kama sahani, ikifika kwa mteja haionekani. Tunapigaje picha za vipambo mtu ajue ukubwa wake?

taa_ya_chemli (Mjini, Unguja)

Assalam alaykum wanajamvi, na wengine wote habari zenu.

Mie kazi yangu kupigia watu picha za biashara, na wengi wanaonijia wanauza vipambo. Wapo masonara wa fedha, wapo wenye maduka ya vito huku Gizenga na Mkunazini, wapo kinamama wa vikundi vya upande wa Fumba na Bweleo wanaotengeneza herini za makombe na lulu. Sasa malalamiko ya wateja wao wanaonunua kwa kuona picha ni mamoja tu kila siku, hawasemi kibaya wala hawasemi feki, wanasema "nilidhani kikubwa". Au kinyume chake, mtu kaagiza herini za kuvaa kazini zinakuja zinamlalia mabegani.

Na muuzaji hakudanganya, ndo maana nasema tulizungumze. Kipini cha pua cha milimita 3 na jasi la sentimita 3 ukivipiga kila kimoja peke yake juu ya kitambaa cheupe vinajaa kioo cha simu sawasawa, jicho halina pa kulinganishia, basi akili ya mteja inajipangia ukubwa inaoutaka yenyewe, na siku zote inaupanga kwa kufuata bei. Bei kubwa, kitu kikubwa. Hapo ndo ugomvi unapozaliwa.

Kwenye tanzanaiti ndo balaa kabisa, maana mawe yale yanauzwa kwa karati na karati ni uzito, gramu 0.2, si upana. Jiwe la umbo la yai la karati moja linakaribia milimita 7 kwa 5, sasa we mwambie mtu "karati moja" afu umuoneshe picha imejaa kioo kizima, anawaza jiwe la kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Tena jiwe likiwa umbo lile lile likaongezeka mara mbili upana, mara mbili urefu na mara mbili kina, uzito wake unakua mara nane. Kwahio mtu analipia karati 8 anategemea mlima, anafungua kiboksi anakuta jiwe limepanuka mara mbili tu, anakuja juu kwenye inboksi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Picha ya karibu ya kuonesha kazi ya fundi ni sawa, ipigwe, lakini peke yake haitoshi. Kipambo kivaliwe mwilini kipigwe, na kilazwe karibu na kitu chenye kipimo kisichobadilika kipigwe, na milimita ziandikwe kwenye maelezo kwa namba. Na ile ya mwilini ndo ikae mbele, wengi wanaificha mwisho kabisa huko ambako hakuna mtu anafika. Nyie mnafanyaje?

pweza_wa_nungwi

Mie mkuu sina mambo mengi, naweka shilingi mia mbili pembeni ya pete napiga chap nimemaliza, tena upande ule wa simba unatoka vizuri 😂 mtalii akiona sarafu anajua. Shida iko wapi?

taa_ya_chemli

Shida ni kwamba mtalii haijui hio sarafu bwana. Alieko Milano hajawahi kuishika, kwake ni duara tu lenye mnyama, linaweza kua kifuniko cha soda au medali ya mbio. Kwa mteja wa hapa na wa Dar mia mbili inafaa sana, kwa wa Ulaya tafuta euro moja, ina milimita 23.25 na kila mtu kule anayo mfukoni. Na kama unauza kote kote basi tumia kadi. Kadi za benki dunia nzima zimekatwa kipimo kimoja, milimita 85.6 kwa 54 hivi, mteja popote alipo anatoa yake anaweka mezani anaona. Lakini msije mkaanika kadi zenu za benki na namba zake mtandaoni jamani! Lile kadi zima la plastiki linalokuja na laini ya simu, mnalovunja laini afu mnalitupa, kipimo chake ni hicho hicho. Lifunike karatasi nyeupe, umepata kipimo cha bure.

Halafu pweza nimeziangalia picha zako (usinune). Pete umeisimamisha, sarafu umeilaza. Sasa kichwa cha pete kiko juu karibu na simu, sarafu iko chini mezani. Tufanye hesabu kidogo: simu iko sentimita 10 kutoka mezani, kichwa cha pete kimenyanyuka sentimita 2, basi kichwa kiko sentimita 8 kutoka kwenye lenzi na sarafu iko 10. Kumi gawa kwa nane, kichwa cha pete kinatoka kikubwa kwa robo nzima kuliko ukweli wake, na sarafu ipo pale pale inaapa kua ni kweli. Hio ni mbaya kuliko kutokuweka kitu maana sasa umemuekea shahidi wa uongo. Rudi nyuma mpaka sentimita 40, vuta kwa zumu ya mara mbili, tofauti inashuka mpaka asilimia 5 na kidogo, hakuna atakaeiona.

Na hizi simu mpya ukisogea karibu zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana bila kukuuliza, kile kialama cha ua cha picha za karibu kinatokea. Lenzi ile inavuta vitu vya pembeni, ukiweka sarafu ukingoni mwa picha inatoka yai. Kizime.

pweza_wa_nungwi

Duh. Sikujibu kwanza naenda kukizima hicho kiua.

bint_wete (Pemba)

Sie huku Pemba twaweka karafuu. Kweli nnakwambieni, herini ya fedha juu ya karafuu kavu inapendeza kwa rangi, na kila mtu duniani kashaiona karafuu jikoni kwao. Na wengine wanaweka kauri. Hamuoni kama inatosha? Ina sura ya kwetu pia, hizo kadi za laini zinaua uzuri wa picha wallahi.

taa_ya_chemli

Dada angu wa Wete, kwa urembo nakuunga mkono mia kwa mia, tena karafuu nyekundu nyekundu bado haijakauka ikiwa chini ya fedha nyeusi nyeusi ya kizamani mashaallah. Lakini kwa kipimo hapana. Karafuu zinazidiana, kuna iliyokauka ikasinyaa na kuna nene yenye kichwa, na mteja hana karafuu mkononi saa hio anayoangalia simu. Kauri ndo haifai kabisa kabisa, kuna ya ukubwa wa kucha na kuna ya kujaza kiganja, mtu akiona kauri kwenye picha anawaza ile aliyoinunua yeye kwa kumbukumbu pale ufukweni. Ua la asumini hivo hivo. Kwahio karafuu iweke kwenye picha ya pambo, kadi iweke kwenye picha ya kipimo, picha ya kipimo haitaki kua nzuri, inataka kua ya kweli.

mbeba_karai

Mie si mpiga picha wala siuzi chochote lakini hii mada imenikumbusha. Niliwahi kufanya kibarua kwa watafiti waliokua wanachimba Unguja Ukuu, kule tulikua tunachekecha udongo zinatoka shanga za kioo za kale ndogo ndogo, nyingine huwezi kuziokota kwa vidole hivi vyenye udongo, unazinasa kwa ncha ya kidole kilicholowa. Sasa kupiga picha shanga moja walikua wanachukua muda kuliko sie kuchimba. Wana kirula chao kifupi chenye visanduku vyeusi na vyeupe, kila kisanduku sentimita moja, na nilichokiona ni kwamba kile kirula hawakilazi chini hivi hivi. Shanga ikiwa imekaa juu ya kitu basi na kirula wanakinyanyua kwa udongo wa kufinyangia mpaka uso wake unalingana na usawa wa ile shanga, afu kamera inaangalia chini wima kabisa. Nikawa najiuliza hawa wazungu wana kazi gani, leo ndo nimeelewa hesabu ya taa ya chemli.

taa_ya_chemli

Umemaliza kila kitu kaka. Hicho ndo kitu chenyewe, kipimo kiwe usawa ule ule wa sehemu unayotaka ipimwe. Pete ina kichwa kirefu? Nyanyua sarafu kwa kifutio cha penseli chini yake, kisionekane. Kirula kama hicho mtu anaweza kukichora kwenye kompyuta akakichapa, ila kipime kwa rula baada ya kuchapa maana printa zinapenda kupunguza karatasi zenyewe ili ikae vizuri, sentimita inakua si sentimita tena.

ukhti_bweleo

Asante kwa darsa. Nna swali la upande wetu kinamama. Unasema picha ya mwilini iwe mbele, sasa mwili wa nani? Kwenye kikundi chetu hamna anaetaka sikio lake na nywele zake zizungukie mtandaoni, waume zetu nao hawataki, na mie mwenyewe sitaki. Tumejaribu kuvaa herini juu ya mtandio inaonekana kichekesho, inaning'inia kwenye nguo haieleweki inaanzia wapi. Na mikono tunayo lakini siku za harusi imejaa hina na piko, pete inapotea humo.

Na lulu zetu pia, ni lulu nusu hizi za kukuzwa ndani ya kombe, zina mgongo bapa. Watu wakiona picha wanadhani ni mviringo mzima.

taa_ya_chemli

Ukhti hili swali ndo lenyewe na nitalijibu kwa urefu mnisamehe.

Kwanza hakuna anaelazimishwa, na nishakutana na wapiga picha wanaomwambia mama wa watu "vua tu mtandio kidogo", mtu kama huyo mfukuzeni. Mwili hauhitajiki wote. Kwa pete na bangili mkono unatosha, na mkono ndo kipimo ambacho kila binaadamu anakibeba. Ila uwe mkono wa mtu mzima wa kawaida, na uwe umekaa kama mkono wa kawaida. Kuna wauzaji nimewaona, sitaji mtu, wanavalisha pete kidole cha mtoto wa miaka saba ili jiwe lionekane limefunika kidole kizima. Hio ni hila, na mteja akijua hakurudii. Na usinyooshe mkono kuelekea kwenye kamera, vidole vya mbele vinavimba kwenye picha na kiwiko kinakua kijiti, mkono ulaze ubapa mmoja na pete, kamera juu yake.

Hina: nzuri sana lakini chagua. Kwa bangili pana kama kekee na timbi hina inasaidia kwa sababu chuma kinatosha kusimama juu ya mapambo. Kwa pete nyembamba na mkufu mwembamba tafuta mkono mtupu au ule ambao hina imebaki kwenye kucha tu, tena kucha zenye hina zinapendeza na zinaonesha ukubwa bila kupiga kelele.

Kwa herini na vidani tengenezeni shingo ya mbao. Seremala yeyote anaekata mbao za kabati anaweza kukukatia umbo la shingo na mabega na kipande cha kichwa mpaka kwenye sikio, likapigwa msasa likapakwa rangi moja ya kahawia isiyong'aa. Lakini, na hapa ndo wengi wanaponunua sanamu za madukani wanaharibikiwa, vipimo vichukueni kwa mtu halisi miongoni mwenu kwa tepu ya fundi cherehani. Kutoka tundu la sikio mpaka begani sentimita ngapi, mzunguko wa shingo ngapi. Sanamu nyingi za kuonesha mikufu zina shingo nyembamba ndefu ambayo hakuna mwanamke anayo, mkufu wa sentimita 45 juu yake unashuka kifuani, kwa mteja unakaa juu zaidi. Mkishakua na shingo yenu hio moja basi herini zote za kikundi zipigwe juu yake hio hio, kamera umbali ule ule, mteja akishanunua pea moja anajua ya pili itakua vipi bila kuuliza.

Na lulu nusu: ipigeni ubavu. Picha moja tu ya pembeni, macho yako yakiwa usawa wa meza, kombe la chini linaonekana na kilima cha lulu kinaonekana juu yake, pembeni rula imesimama wima. Andikeni upana na kimo vyote viwili. Picha ya juu inafanya nusu ionekane nzima na hapo mteja ana haki ya kukasirika hata kama mliandika "nusu" kwenye maelezo, maana watu hawasomi.

ukhti_bweleo

Allah akulipe kheri. Ya kimo hatujawahi kuandika kweli.

sonara_wa_zamani

Vijana mnapata tabu bure. Sie tuliokaa kwenye ufundi, kitu kinauzwa kwa mizani. Mwambie mtu dhahabu hii tola moja na nusu, kwisha habari. Bibi zenu walikua wananunua vikuku kwa uzito na hawakuona picha hata moja.

taa_ya_chemli

Shikamoo mzee wangu. Kwa dhahabu husemi uongo, tola ni gramu 11.66 na anaeijua anajua, na uzito uandikwe daima. Lakini bibi alikua amekaa mbele yako kwenye kijibaraza na kikuku kakishika mkononi. Wa leo yuko Muscat au London anaangalia kioo. Na kikuku kina cha kujaa na kina cha ndani tupu, gramu zikiwa sawa kwenye mizani ule mtupu unakua mnene zaidi. Kwa hio gramu inamwambia thamani haimwambii kitakaaje mguuni.

Ila mzee kuna kitu mlichotuachia ambacho kinanirahisishia kazi sana. Vile vidani vya fedha vilivyotiwa reale za Maria Theresa. Ile sarafu zote zimeandikwa mwaka 1780 hata zilizopigwa miaka mingi baadae, ina gramu 28 na ushei na upana wa milimita 40 hivi, na wakusanyaji wa vitu vya kale dunia nzima wanaijua. Kidani kikiwa na reale kimekuja na kipimo chake chenyewe, nakipiga kimelazwa bapa, siweki kadi wala nini, wanaojua wanajua.

sonara_wa_zamani

Marahaba. Hilo la reale umesema kweli. Lakini tazama isije ikawa imeyeyushwa upya, za kuigiza zipo na hazilingani.

taa_ya_chemli

Naam mzee. Venia (kile kifaa cha kubania kitu na kupima milimita) haikosi mfukoni, napima kwanza ndo naandika.

bint_wete

Swali dogo la pete. Wataliano wananiuliza "misura 14" (yaani saizi 14) nashindwa kuwajibu, nnawaambia "ya kati" 🙈

taa_ya_chemli

Pima upana wa ndani wa pete kwa venia, zidisha kwa 3.14 unapata mzunguko. Milimita 17.3 inakupa mzunguko wa 54 na nukta. Mtaliano anatoa 40 kwenye mzunguko, kwahio hio ni 14 yake. Mmarekani anaiita 7. We andika milimita za ndani tu kwenye kila pete, kila mtu atageuza mwenyewe kwa anavojua. Na "ya kati" iache dada angu, ya kati ya nani.

pweza_wa_nungwi

Nimerudi. Kiua nimezima, nimesogea nyuma, kadi la laini nimelifunika karatasi. Sasa pete za fedha zinanitokea zina mstari mwekundu katikati sijui nini.

taa_ya_chemli

Ni fulana yako 😂 fedha iliyong'arishwa ni kioo, inakupiga picha wewe. Vaa kitu cheupe au cheusi. Mwenzangu mmoja huwa anamwita dada yake amsimamie pembeni na buibui, ule weusi unaingia kwenye ukingo wa bangili unachora mstari mwembamba na bangili inapata umbo lake, bila hivo fedha juu ya kitambaa cheupe inayeyuka hujui ukingo wake uko wapi, na usipouona ukingo na kipimo chako cha kadi hakina maana, utapimia wapi? Kanzu nyeupe nayo inarudisha mwanga vizuri upande wa pili. Jua la saa sita usilitumie, kivuli chake kikali kinaongeza unene usiokuwepo. Kivulini karibu na ukuta wa chokaa, asubuhi au baada ya alasiri.

mbeba_karai

Na video je? Naona watu siku hizi wanageuza pete mkononi tu sekunde chache.

taa_ya_chemli

Video ya mkono unaokivaa na kukivua kipambo naikubali kuliko picha zote, maana mkono ukitembea jicho linajua lenyewe, haina haja ya sarafu. Vidole vikifunga kishikizo cha mkufu, mtu anaona kishikizo kidogo au kikubwa papo hapo. Lakini maduka ya mtandaoni yanaonesha picha kwanza, na wateja wengi bando lao halifunguki video, kwahio usiache kupiga picha.

ukhti_bweleo

Samahanini narudi nyuma. Ile shingo ya mbao, ikipakwa rangi ya kahawia, lulu nyeupe zitakaa vizuri? Na zile za kombe jeusi jeusi?

taa_ya_chemli

Nyeupe zitakaa. Za kombe jeusi zitazama, pakeni upande mmoja wa shingo kahawia na upande wa pili rangi ya mchanga, muwe mnaigeuza. Na mwambieni seremala atoboe tundu la sikio kwa msumari mwembamba kabisa, akitumia wa inchi mbili herini itakua inateleza inashuka chini kuliko inavotakiwa na vipimo vyote mlivyochukua vimekwenda na maji.